Salama Tu, Mwanangu

Sauti yenyewe haikuwa kubwa. Ilikuwa imejificha nyuma ya sauti nyingine, ile ya ungo, na kama ungo usingesimama nisingeisikia kabisa. Shangazi Hadija alikuwa anapeta alizeti uani, nyumbani kwake katika kijiji cha Issuna, Singida, nami nilikuwa ndani, kwenye meza ya chakula, nikipanga madodoso ya utafiti wangu wa shahada ya uzamili. Upetaji wake niliujua tangu utotoni: kurusha, kudaka, kutikisa, kurusha, kudaka. Mchana ule, baada ya kudaka, ungo ulinyamaza, na katika ukimya ule nikasikia kitu kama sufuria ya maji iliyofunikwa, inayoanza kuchemka katika chumba cha mbali. Niliinuka kwenda jikoni kuangalia moto. Mafiga yalikuwa ya baridi. Nilisimama pale kwa muda, nikatazama hadi nyuma ya mtungi, nikitafuta chanzo kingine chochote, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuelewa kwamba sauti ile ilikuwa inatoka kifuani mwa mtu.

Mwaka ule umenirudia sasa kwa sababu ya msiba. Tumemzika Baba Mkubwa Juma, kaka yake Shangazi, ambaye kwa umri wangu wote alikuwa ndiye msemaji wa nyumba yetu, na katika siku za matanga nilikaa kwenye mkeka nikisikiliza wageni wakiingia. "Habari za hapa?" "Nzuri." "Za tangu siku zile?" "Salama, sijui huko mtokako." "Huko salama." "Mifugo?" "Haijambo." Kisha mgeni anavua viatu, anatafuta pa kukaa, na ndipo anasema: "Ila poleni." Kaburi bado bichi na habari za hapa ni nzuri. Watu wazima wa kwetu hawaoni mgongano wowote katika jambo hilo. Salamu ni salamu. Habari yenyewe ina mahali pake, nayo inakuja baadaye, ikitanguliwa na lile neno dogo, ila. Mimi nami nimefika umri wa kuamkiwa shikamoo na mabinti ambao sikumbuki wamezaliwa lini, na nilidhani nimekwisha kulizoea. Lakini kila mgeni aliyesema "nzuri" nilijikuta nazuia pumzi hadi nisikie "ila". Nilichoka zaidi kwa kungoja neno lile kuliko kwa kulia.

Katika hospitali ya mkoa, mwaka ule, tulikaa kwenye benchi la mbao lililokuwa limelainishwa na waliokaa kabla yetu. Nilikuwa nimepanga chumba Mandewa ili niwe karibu na mjini, na Shangazi alikuja na basi la asubuhi akiwa amevaa kitenge chake cha sherehe na kandambili za mtu mwingine, kwa sababu miguu yake ilikuwa imevimba na viatu vyake havikumwingia. Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya chini. Alimpaka mafuta ya baridi kifuani, akazungusha kile kifaa chao, akatuonyesha kwenye kioo cheusi kitu cheupe kilichokuwa kinahangaika kufunguka. Alisema moyo una milango, na mmoja wa milango ya Shangazi ulikuwa umeota makovu, pengine tangu alipokuwa mtoto, kwa homa ambayo hakuna aliyeikumbuka. Mlango ule ulihitaji kubadilishwa, na wa kuubadilisha hawakuwa Singida. Angeandika rufaa kwenda kituo cha upasuaji wa moyo, safari ya kutwa nzima kwa basi. Jina la kituo hicho sitalitaja, kwa kuwa hakikutukosea. "Nafasi zao hazipangwi kwa kuwahi," alinieleza. "Wanapanga kwa hali. Aliye mbaya zaidi anatangulia. Kuna muuguzi atakuwa anapiga simu kuulizia hali yake, halafu yeye ndiye anayempeleka mbele au nyuma kwenye foleni." Niliyaona maelezo hayo kuwa ya haki na ya kueleweka. Nilipenda mambo yaliyopangwa kwa vigezo. Kabla hatujatoka, daktari akaongeza jambo ambalo nililisikia vizuri lakini sikulipima uzito wake hadi baadaye: kwamba mlango ule ukiachwa hadi msimu wa mvua unaofuata, hakudhani moyo wenyewe ungesubiri.

Nikahamia Issuna na karatasi zangu. Nyumba ya Shangazi ilikuwa ya bati, na nyuma yake bado lilisimama tembe la zamani la udongo ambalo alilitumia kuwa ghala. Chumba cha mbele kilikuwa na makochi yaliyotandikwa vitambaa vya kufuma, meza, na magunia ya alizeti yaliyopangwa ukutani yakingoja bei ipande. Simu ya nyumba haikushikwa mkononi. Ilikaa ndani ya kikapu kidogo cha ukindu kilichoning'inizwa kwenye nondo ya dirisha, kwa sababu mtandao uliingia kwa upande ule tu, na ikilia aliyekuwa karibu alibonyeza kitufe cha spika akaongea akiwa amesimama, huku wote waliomo chumbani wakisikiliza. Hapakuwa na mazungumzo ya siri katika nyumba ile. Jioni tulikula ugali wa uwele na mlenda usiotiwa chumvi, kwa amri ya daktari, na kwa kuwa Shangazi alikataa kula peke yake kama mfungwa, sote tukaacha chumvi. Mama Elia, jirani yetu aliyeolewa Issuna kutoka Misigiri, kwa watani wetu Wanyiramba, aliwahi kuonja tonge moja akaliweka chini taratibu.

"Hadija, huyu daktari ulimkosea nini?"

"Muulize Rehema. Yeye ndiye aliyesoma."

"Amesoma kutunyima chumvi? Sisi Wanyiramba tungemrudisha huyo chuo wakamalizie."

Shangazi alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikatufanya sote tutazame sahani zetu. Ulipofika wakati wa kulala hakwenda kitandani. Alijiegemeza kwenye magunia ya alizeti, ameketi wima, khanga mabegani, akasema amependa tu hewa ya chumba kile. Tulikubali kwamba amependa hewa. Asubuhi nilikuta alama za nyuzi za gunia zimejichora shavuni mwake.

Simu ya kwanza kutoka kituoni ilikuja siku ambayo Baba Mkubwa alikuwepo, na ilikuwa dhahiri kwa kila mtu kwamba yeye ndiye wa kuipokea. Ugonjwa wa mtu mzima husemwa na mkubwa wa nyumba. Hausemwi na mgonjwa mwenyewe, kwani huko ni kujililia, wala na binti ambaye hajaolewa, hata akiwa na shahada ngapi. Baba Mkubwa alivaa kofia yake kabla ya kubonyeza kitufe. Nakumbuka mazungumzo yale neno kwa neno, kwa sababu baadaye niliyarudia kichwani mara nyingi kuliko nilivyowahi kurudia somo lolote.

"Shikamoo, baba. Naitwa Sista Neema, napiga kutoka kituo cha moyo. Habari za huko?"

"Marahaba, binti yangu. Huku kwema. Habari za kazi?"

"Nzuri. Naulizia mgonjwa wenu, Mama Hadija. Anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu. Na ninyi huko hamjambo?"

"Hatujambo, baba. Hana tatizo lolote jipya?"

"Jipya hakuna. Ni yale yale."

"Anatembea?"

"Anatembea."

"Haya baba, vizuri. Tutawasiliana."

"Sasa, binti yangu, mvua za mwaka huu ndiyo hivyo, zilikuwa za kusuasua, ila hili jambo la dada yangu…"

Simu ilikuwa imekwisha kukatika. Baba Mkubwa aliitazama ndani ya kikapu, akavua kofia, akakaa. "Binti msikivu," alisema. "Ana adabu. Ameelewa." Na sisi sote, mimi nikiwemo, tuliona kwamba jambo limesemwa vizuri, na mkubwa wa nyumba, kwa heshima inayostahili.

Ujumbe ulikuja baada ya muda, ukiwa mfupi. Ulisema kwamba kwa kuwa mgonjwa anaendelea vizuri, nafasi yake imeahirishwa hadi baada ya msimu wa mvua, ili kuwapisha wenye hali mbaya zaidi. Niliusoma kwa sauti chumbani, kisha nikausoma tena kimyakimya. Baba Mkubwa aliniomba nirudie pale penye "anaendelea vizuri".

"Nani amesema anaendelea vizuri?"

Mama Elia, ambaye alikuwa amekuja kuazima chekecheo, alikohoa kidogo. "Ulisema wewe, shemeji. Hata mimi nilikuwepo."

"Mimi niliitikia salamu," Baba Mkubwa alisema, na sauti yake haikuwa ya kujitetea. Ilikuwa ya mtu anayeeleza jambo lililo wazi mno. "Nani anayeitikia salamu kwa kutaja ugonjwa? Nilikuwa ndiyo kwanza naingia kwenye habari yenyewe, akakata."

"Ninyi Wanyaturu mtasalimiana hadi kaburini," alisema Mama Elia, na papo hapo akajuta kulitamka neno lile mbele ya Shangazi, akachukua chekecheo akaondoka bila kuaga.

Nilitumia siku kadhaa kuyachambua maswali yale. Ndiyo kazi niliyokuwa nafundishwa chuoni. Sista Neema hakuwa amefanya uzembe: aliuliza maswali matatu juu ya mgonjwa; jibu la kwanza lilikuwa la salamu, na mengine mawili yalikuwa ya kweli. Shangazi alitembea, kutoka kwenye magunia hadi mlangoni, akipumzika njiani kwa kushika kiti. Jambo jipya halikuwepo. Lilikuwa lile la zamani, limekua. Baba Mkubwa naye hakudanganya. Aliizunguka habari kwa heshima, kama anavyoizunguka habari ya ng'ombe kabla ya kutaja bei, akijua kwamba mwenzake naye anazunguka na watakutana mbele. Lakini mwenzake alikuwa na orodha ya wagonjwa wa nchi nzima na hakuwa na muda wa kuzunguka. Katika utafiti wangu mwenyewe swali la afya nilikuwa nimeliweka mwishoni, baada ya mazungumzo marefu ya mashamba na bei, kwa kuwa nilijua kwamba likiulizwa mwanzoni litaleta "nzuri" kwa kaya zote. Nililijua hilo kwa watu wa vijiji vingine. Nyumbani kwetu sikuliona.

Nikaanza kuandika. Nilimwandikia Sista Neema barua pepe, nikaifuta. Nikaandika nyingine yenye utangulizi mfupi zaidi, nikahofia kwamba inamsuta Baba Mkubwa, nikaibadilisha ili isimsute mtu yeyote, na ilipokuwa haimsuti mtu yeyote ilikuwa pia haisemi kitu. Ile niliyoituma hatimaye ilijibiwa na mtambo: barua yako imepokelewa. Nilisafiri hadi Mandewa, kwenye hospitali ya mkoa, nikasubiri kwenye benchi lile lile, nikaambiwa kwamba yule daktari kijana yuko masomoni, na aliyekuwepo akanishauri kwa upole niwasiliane moja kwa moja na kituo. Nilirudi Issuna nikiwa na uchovu wa ajabu, uchovu wa mtu aliyefanya kila kitu isipokuwa kile kimoja. Kupiga simu mwenyewe kungekuwa kutangaza, kwenye kikapu kile, mbele ya chumba kizima, kwamba msemaji wetu hakujua kusema. Nilijiambia kwamba kuna njia nyingine, na njia niliyoiona ilikuwa Shangazi mwenyewe.

Nilikaa naye uani nikamweleza. Sista atapiga tena. Safari hii upokee wewe. Akikuuliza hali, mwambie ukweli: hulali kitandani, miguu imejaa, kifua kinachemka. Alinisikiliza huku akichambua mlenda, akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa.

"Nimwambie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo, shangazi."

"Bila kuongeza?"

"Bila kupunguza."

Simu ililia asubuhi moja tukiwa tunakunywa uji. Shangazi aliinuka mwenyewe, akakataa kushikwa, na safari ile fupi hadi dirishani ilimmaliza pumzi, hivyo akasimama kwanza akiwa ameshika nondo hadi kifua kitulie, ndipo akabonyeza. Nilielewa kwamba hakutaka mtoto wa watu asikie anavyohema.

"Shikamoo, mama. Ni Sista Neema."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mama. Wewe hujambo? Unaendeleaje?"

"Salama tu, mwanangu."

"Unapumua vizuri?"

"Napumua."

"Usingizi unapata?"

"Napata. Ninyi huko mnapata kupumzika kweli? Maana nasikia sauti yako imechoka."

Upande wa pili pakasikika kicheko kidogo cha mtu ambaye hakutarajia kuulizwa. "Kazi ni nyingi, mama. Asante sana. Haya, jitunze, tutawasiliana." Shangazi alibaki ameshika nondo, akitazama nje. Nilimuuliza, kwa upole niliokuwa naulazimisha, kwa nini amesema salama.

"Ameniamkia," alisema. "Mtoto wa watu ameniamkia, yuko kazini tangu alfajiri, nimwambie nakufa?"

Hata leo, nikijipanga vizuri, sina jibu linaloshinda lile. Adabu ile ndiyo aliyonilea nayo: alikuwa ananirudisha mlangoni nikaingie upya kama nimeingia bila kusalimu, na kama nimeamkia kwa haraka ilinibidi niamkie tena. Sasa adabu hiyo hiyo ilikuwa inamrudisha nyuma kwenye foleni, simu moja baada ya nyingine, na kila aliyeishika alikuwa mtu mwema.

Wiki zilizofuata alizidi kwisha. Ungo ulitundikwa ukutani. Alizeti iliyobaki aliipeta Mama Elia, kwa kasi yake ya Misigiri, na Shangazi alikaa akiisikiliza kama mtu anayesikiliza wimbo wake ukiimbwa na mwingine. Bei ya alizeti ilipanda na wanunuzi wakaja na mizani yao, lakini Baba Mkubwa alikataa kuuza magunia yale ya ukutani. Hakusema sababu. Sote tulijua ni nani anayeyaegemea. Yeye mwenyewe alikuwa anakuja kila asubuhi, anasalimia, anaitikiwa salama, anakaa kwenye kochi la karibu na dirisha, anakitazama kikapu. Kofia yake aliiweka gotini.

Asubuhi ya simu ile niliyoipiga mimi, mawingu ya mvua yalikuwa yamekwisha kuanza kujipanga upande wa mashariki. Shangazi hakuwa amekunywa uji wake. Midomo yake ilikuwa na rangi ambayo sikuwahi kuiona midomoni mwa mtu, rangi ya zambarau, na ile sauti ya maji yanayochemka haikuhitaji tena ukimya ili isikike. Baba Mkubwa aliingia, akamtazama dada yake, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakusalimia. Alisimama. Shangazi naye alimtazama. Walisema maneno machache kwa Kinyaturu, ya chini, ya watoto wa mama mmoja, nami niliinamisha uso kwa kuwa hayakuwa yangu. Kisha Baba Mkubwa akaondoka kwenye kochi lake la dirishani, akaenda kukaa kwenye kigoda karibu na mlango, mahali pa wageni wadogo.

"Rehema," alisema Shangazi. "Piga wewe."

Nikasimama.

"Usimsalimie," akasema, na ilimbidi avute pumzi mara mbili kumaliza sentensi. "Akikusalimia, usiitikie. Ukianza tu kuitikia, tutarudi kule kule."

Nilimtazama Baba Mkubwa. Alikuwa anaitazama sakafu. Alinyanyua kiganja kidogo kutoka gotini, kiasi tu cha mimi kuona, akakishusha. Nadhani sijawahi kupewa kitu kikubwa zaidi na mtu yeyote.

Nilikwenda dirishani. Vali ya chuma, ule mlango mpya wa moyo, ambayo leo Shangazi akikaa karibu nawe mkekani unaisikia ikigonga taratibu, kiasi kwamba katika matanga ya kaka yake kuna mama aliyemuuliza kama amevaa saa, ilikuwa bado kitu cha kufikirika asubuhi ile, kitu kilichoko mahali pa mbali ndani ya sanduku, kikingoja kujua ni cha nani. Nilibonyeza namba. Sikuwa nimeandika cha kusema. Kikapu kilikuwa kinayumba kidogo kwa upepo, nami nikakishika kwa mikono miwili. Simu ikaita, ikaita, ikapokelewa.

"Kituo cha moyo, Sista Neema hapa. Habari za asubuhi?"

Nyuma yangu chumba kizima kilikuwa kimya, isipokuwa ile sauti. Nilihisi jibu likija lenyewe hadi kwenye meno, kama linavyokuja kwa mtu yeyote aliyelelewa na watu. Nikalizuia hapo hapo.

"Shangazi yangu Hadija hawezi kulala chali," nilisema. "Analala amekaa, ameegemea magunia. Midomo yake imekuwa ya zambarau. Akienda hadi mlangoni anashika kiti. Sauti unayoisikia sasa hivi siyo ya simu."

Nilimsikia anasikiliza. Kisha nikasikia kiti kikisogezwa, na karatasi.

"Endelea," akasema.

Nikaendelea.